Siku tatu za kuusaka uwanja wa besiboli, St. Paul

Kidaftari changu kililowa mvua siku ya pili, kurasa zikashikana kama chapati za jana, kwa hiyo bei nyingi mtakazoziona hapa nimezitoa kwenye picha za risiti zilizobaki kwenye simu. Nimesharudi Tanga. Watu wakiniuliza habari za Marekani najikuta naanza na nguruwe, kisha inanibidi nirudi nyuma kueleza nguruwe katokea wapi.

Nilikwenda kumtembelea mdogo wangu. Huu ni mwaka wake wa tisa anaishi Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kule Wakenya ni wengi, Kiswahili unakisikia dukani bila kukitafuta. Anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na mchana analala kama popo. Kabla ya kwenda kwake nilikaa Chicago siku chache kwa rafiki wa zamani. Hizo naziruka, zilikuwa za kula na kupiga soga.

Siku ya 1, Alhamisi: Chicago hadi St. Paul

Ningeweza kupanda ndege nikafika mara moja. Nikachagua treni, maana ardhi ya mtu huijui mpaka uipite chini. Inaitwa Borealis, ilianza Mei 2024, na kila siku inakwenda mara moja na kurudi mara moja. Nilitoka Chicago saa tano na dakika tano asubuhi, na ratiba ikasema St. Paul ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Nauli dola 41 kwa kuwa nilikata mapema.

Kwa atakayefuata: ukitokea Chicago, kaa upande wa kulia. Mpaka La Crosse ni mahindi, maghala, mahindi tena, unaweza kulala bila kupoteza kitu. La Crosse ndipo treni inapovuka Mto Mississippi, na kuanzia hapo inaambaa na maji hadi jioni. Kati ya Winona na Red Wing mto unapanuka mpaka ng'ambo inafifia, wenyewe wanapaita Ziwa Pepin. Mtu wa pwani akiona maji mengi hivyo anatafuta ngalawa. Sikuiona hata moja, ila boti za starehe zilikuwepo.

Kwenye behewa la mgahawa niliketi meza moja na bibi mmoja mstaafu, kichwani kofia yenye herufi mbili zilizopindana. Nikamuuliza herufi zile ni za nini. Kosa langu lilikuwa hilo, au bahati yangu. Alizoa vipakiti vinne vya sukari akavipanga mezani kwa umbo la almasi, anieleze besiboli: hiki nyumbani, hivi vitatu ni vituo. Mrushaji anasimama katikati. Mpigaji anasimama nyumbani na gongo lake. Akikosa mara tatu, ametoka. Mrushaji naye akirusha ovyo mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Watatu wakitoka, timu zinabadilishana, na hivyo hivyo mara tisa. Mchezaji anayezunguka vituo vyote akarudi nyumbani ameleta pointi moja. "Basi," akasema, "yote yaliyobaki ni mabishano." Nikamwambia kwetu watoto wana mchezo wa rede, mmoja yuko katikati anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa. Akataka nimchoree. Nikamchorea nyuma ya risiti ya kahawa (dola 3 na senti 50), akaikunja akaitia kwenye pochi.

Mdogo wangu alikuja kunipokea Union Depot, stesheni kubwa ya zamani yenye ukumbi wa dari refu. Tulipotoka nje na mabegi tukasikia sauti ya kipaza sauti, vifijo, halafu muziki, kama kuna harusi mtaa wa pili.

"Nini kile?"

"Besiboli, kaka. Uwanja wao uko pale nyuma tu."

"Umeshaingia?"

"Mie? Kazi zote hizi?"

Miaka tisa! Nikajua nitafanya nini wiki hiyo.

Siku ya 2, Ijumaa: uwanja usio wenyewe

Asubuhi mdogo wangu alirudi kutoka kazini akanipeleka Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali karibu na katikati ya Minneapolis, nikaswali Ijumaa. Mwaka 2023 baraza la jiji liliruhusu adhana kutolewa kwa vipaza sauti mara zote tano kwa siku. Niliposikia "Hayya alas-salah" kati ya maghorofa yale marefu ya rangi rangi, kwa nukta mbili tatu nilikuwa Ngamiani, kwetu Tanga. Halafu gari la zimamoto likapita, nikarudi Minnesota.

Mdogo wangu akaenda kulala. Mimi nikashuka kituo cha treni ya mjini kiitwacho West Bank, nikamuuliza kijana mmoja: uwanja wa besiboli ni upande gani? Akanionyesha bila kusita. Nikapanda. Vituo vitano tu, nikajisifu kwamba mji nimeshauelewa.

Treni ilinimwaga mbele ya jengo kubwa la mawe ya rangi ya asali, na limefungwa kila mlango. Hakuna mtu, hakuna muziki, hata muuza karanga hakuna. Mzee aliyekuwa akifagia akaniambia timu iko ugenini mpaka wiki ijayo. Nikamwonyesha jina nililoandika kwenye kidaftari. Akaegemea ufagio akacheka mpaka nami nikaanza kucheka bila kujua ninacheka nini.

Mambo yenyewe ni haya. Njia ya treni iitwayo Green Line ina urefu wa maili 11, yaani kilomita kama 18, na kila mwisho wake una uwanja wa besiboli. Mwisho wa Minneapolis ni Target Field, wa timu kubwa ya Minnesota Twins. Mwisho wa St. Paul, hatua chache kutoka Union Depot, ni CHS Field, wa timu ndogo ya St. Paul Saints, ambayo tangu 2021 ndiyo inayowapikia Twins wachezaji. Yule kijana hakunidanganya. Mimi ndiye sikusema uwanja upi.

Kwa atakayefuata: kichwa cha treni kikiandikwa "St. Paul" ndiyo yako. Nauli dola 2, tiketi unakata kwenye mashine jukwaani kabla ya kupanda, na inakufaa kwa saa mbili na nusu, hata ukibadilisha kwenda basi. Hakuna geti la kukuzuia, ila wakaguzi wapo, usijaribu ujanja. Toka mwisho hadi mwisho weka kama dakika 50.

Nikiwa narudi nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti kumweleza aibu yangu. Mwanamke aliyeketi mbele yangu, hijabu ya kijani na mifuko mitatu ya sokoni, akageuka.

"Wewe umepotea mbaya sana," akasema, kwa Kiswahili cha Nairobi kabisa.

Msomali, aliishi Eastleigh miaka kumi na moja kabla ya kuja huku. Alisema Kiswahili chake kimeshika kutu, lakini kutu yenyewe sikuiona. Akanihesabia vituo: chuo kikuu, kisha barabara ndefu ya University, kisha jengo la serikali la kuba jeupe. "Usishuke mpaka treni yenyewe ikushushe." Alipofika kwake akafungua mfuko mmoja akanitolea sambusa mbili kwenye karatasi. Nikataka kukataa kwa adabu. "Kaka, huko uwanjani watakuuzia mkate na soseji, na hujui ni ya nini. Chukua." Akateremka, mlango ukafunga, hata jina lake sikuliuliza.

Union Depot. Unatoka, unaelekea kaskazini, unapita vibanda vya soko la wakulima, na uwanja uko mbele yako. Dakika kumi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Sikuuona mpaka nilipoufikia, maana haukujengwa kwenda juu. Ulifunguliwa 2015, unachukua watu 7,210, na kiwanja chenyewe kimekaa chini kuliko barabara. Unaingia getini unakuta umeshasimama juu yake, majani yote yako miguuni mwako, dari la mbao juu ya kichwa. Mkwakwani pale Tanga inabidi upande ndipo uone. Hapa unateremka.

Tiketi dola 14. Mchezo ulikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba jioni. Sijui nani aliwafundisha hizo dakika saba.

Haukuchezwa. Saa kumi na mbili na robo wingu jeusi likaja upande wa mto, vijana kumi na kitu wakakimbia wakivuta turubai kubwa, wakalifunika eneo la vituo kabla tone la kwanza halijafika. Kisha mbingu ikafunguka. Sote tukarudi nyuma chini ya paa, na hapo niliona jambo ambalo sikulitegemea kwa Wazungu: hakuna aliyeondoka. Familia zilikaa chini sakafuni zikacheza karata. Mzee mmoja alikuwa anasikiliza redio ya mchezo ambao haukuwepo. Nikala sambusa zangu. Saa mbili usiku wakatangaza kwamba umeahirishwa, na kesho Jumamosi itachezwa michezo miwili mfululizo, kila mmoja wa awamu saba badala ya tisa.

Kwa atakayefuata: mvua ikiuahirisha mchezo, tiketi haijafa. Nilikwenda dirishani, dada akanibadilishia ya kesho bila senti. Usiitupe hata ikilowa, kama yangu.

Kurudi Brooklyn Park usiku bila gari ni treni, kisha basi la C Line hadi Brooklyn Center, kisha kumpigia mtu simu. Nililala saa sita.

Siku ya 3, Jumamosi: soko, jumba la kumbukumbu, na nguruwe

Zamu ya mapumziko ya mdogo wangu. Nikamwamsha saa tatu asubuhi kwa hila, nikimwambia kuna soko la mboga. Kwa mtu wa Tanga aliyekaa Marekani, hiyo ni zaidi ya besiboli.

Soko la wakulima la St. Paul linauza vilivyolimwa na wakulima wa sehemu zile tu, na wakulima wengi ni Wahmong, watu waliotoka milima ya Laos baada ya vita. Wanauza mahindi mabichi, biringanya nyembamba, pilipili za kila hasira. Mdogo wangu akasimama ghafla kama aliyemwona jirani wa zamani. Majani ya maboga! Machanga, na vikonyo vyake, dola 2 fungu. Akamuuliza mama muuzaji wanayapikaje. Mama akasema wanachemsha tu, supu. Yeye akamweleza nazi na karanga. Wakaelewana kwa mikono. Tukanunua mafungu manne, na baadaye yalilala kwenye kisanduku cha barafu ndani ya gari mpaka usiku. Mipango ya mama mzazi, hiyo.

Mchana tukaenda kula, halafu saa kumi tukaingia uwanjani, maana mchezo wa kwanza ulikuwa saa kumi na moja. Yeye tiketi dola 14, mimi kikaratasi changu kilichokauka.

Ndani ya uwanja kuna jumba dogo la kumbukumbu za besiboli ya mji huo. Niliingia kukwepa jua nikatoka baada ya nusu saa. Roy Campanella alipokuja kuichezea timu ya Saints ya zamani mwaka 1948, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza katika ligi ya timu hiyo. Toni Stone alikulia Rondo, mtaa wa watu weusi hapo hapo St. Paul, na mwaka 1953, ligi za wanaume weusi zikiwa bado zipo, yeye mwanamke alisimama kituo cha pili katika timu ya Indianapolis Clowns na kulipwa kwa kazi hiyo. Rondo yenyewe ilikatwa vipande ilipojengwa barabara kuu ya I-94. Barabara hiyo hiyo inanguruma nyuma ya uwanja mchezo wote, ukiisikiliza huachi kuisikia.

Jingine lililonikuta ni kwamba zamani, sikukuu zikifika, timu ya St. Paul na ya Minneapolis zilicheza asubuhi uwanja mmoja na jioni uwanja mwingine, mashabiki wakihama kwa tramu. Nikamwambia mdogo wangu: mimi jana nilifanya hivyo hivyo, ila bila mchezo hata mmoja.

Sasa nguruwe.

Timu hii ilianzishwa upya 1993, na tangu hapo kila mwaka inakuwa na nguruwe wake, mdogo, mwenye jina jipya la utani. Kazi yake ni kumpelekea mwamuzi mipira mipya katikati ya mchezo. Anatoka pembeni amefungwa mfuko wa mipira mgongoni, anaongozwa na mtu, watoto wanapiga kelele kuliko kwa mchezaji yeyote. Mimi na mdogo wangu tukatazamana. Timu inaitwa Watakatifu, na anayewahudumia ni nguruwe. Jirani yetu wa kiti, baba mwenye mtoto begani, aliona sura zetu akatueleza kwamba mji wenyewe kabla ya kuitwa St. Paul mwaka 1841 uliitwa Jicho la Nguruwe, kwa lakabu ya mwenye kilabu cha pombe aliyefungua pale ukingoni mwa mto. Kwa hiyo mnyama ana haki ya ardhi kuliko watakatifu.

Mchezo wenyewe? Awamu mbili za mwanzo sikuona kitu. Mtu anarusha, mtu anakosa, watu wanakula. Awamu ya tatu nikaanza kuona ninachotakiwa kuona: kwamba kila mpira ni fumbo baina ya watu wawili, na kila mmoja uwanjani anasogea nusu hatua kulingana na fumbo hilo. Kati ya fumbo na fumbo kuna nafasi ya kusema neno. Mchezo huu ni wa barazani. Kandanda haikuachii kumaliza sentensi, lakini besiboli inakungoja. Jirani yetu alitueleza ndoa yake ya kwanza yote kati ya awamu ya nne na ya sita, na hakukosa hata mpira mmoja.

Mdogo wangu alipenda kitu kingine. Mpigaji asiporidhika na uamuzi, anagonga kofia yake, na kwenye skrini kubwa inachorwa njia ya mpira na kisanduku, watu wote wanaona nani kasema kweli. Kila timu ina nafasi chache za kufanya hivyo, na ukikosea unazipoteza. "Kaka," akasema, "hii wangeileta nyumbani, kofia zingevunjika." Tangu hapo nikisema jambo asilokubali, anagonga kichwa.

Watakatifu walishinda wa kwanza, wakafungwa wa pili. Hakuna aliyezomea. Katikati ya kila awamu kulikuwa na kichekesho fulani, mbio za watoto, watu wazima kwenye magunia. Coastal Union ikifungwa Mkwakwani, mtu akija na gunia nadhani atalivaa kichwani.

Maghrib iliingia saa mbili na robo, mchezo wa pili ukiendelea. Nilimuuliza mhudumu mmoja mzee, wale wanaoonyesha viti, kama kuna pembe tulivu. Uwanja una njia inayouzunguka wote bila kukatika, akatutembeza mpaka nyuma kabisa mahali pasipopitwa, akageuka akasimama kutupa mgongo, mikono nyuma kama askari. Tulipomaliza akatuuliza tu kama tumeona bao lililopigwa. Hatukuona. Akatusimulia.

Kwa atakayefuata: Jumatatu hawachezi, ni siku ya mapumziko na safari, na msimu unaisha Septemba. Chukua kadi ya benki, usitegemee noti. Karanga za maganda nilinunua dola 6, maji ya limau dola 6, jibini iliyokaangwa dola 9, tamu lakini nzito. Soseji uliza kwanza. Mbu wapo, wakubwa, lakini hawa hawana malaria. Na ukienda msalani, maji unayovuta ni ya mvua: yanakingwa kwenye paa la karakana ya treni iliyo jirani, yanawekwa kwenye tangi chini ya ardhi, na majani ya kiwanja yananyweshewa hayo hayo. Hapo nikaisamehe mvua ya Ijumaa.

Jumla ya siku tatu, bila vitu vya sokoni: dola 41 za treni, dola 4 za treni ya mjini na basi, tiketi mbili dola 28, na kama dola 38 tumboni.

Tulifika nyumbani saa tano usiku. Mdogo wangu akapika majani ya maboga hapo hapo, akiwa amesimama na kofia mpya ya Watakatifu aliyoinunua bila kuniambia bei. Kwa Tanga ilikuwa asubuhi ya Jumapili, tukampigia mama kwa video. Tukampa habari yote, treni, mvua, Msomali wa Eastleigh, mboga. Alisikiliza kwa subira. Tulipofika kwa nguruwe akaiweka simu chini kidogo, tukabaki tunaona dari. Kisha akarudi.

"Hiyo mipira, wachezaji wanaishika kwa mikono?"

"Wanavaa glovu, mama," mdogo wangu akawahi. "Mkono mmoja una glovu kubwa ya ngozi."

"Na ule mwingine?"